Hitima ya Mwaka: Majina Kwanza, Mchele Baadaye

Mtu mzima akifariki Mombasa, siku za matanga hujiendesha zenyewe. Hakuna anayealikwa. Majirani huleta vyakula, vijana wa mtaa hutandika majamvi, msikiti hutangaza, na maziko ya Kikowani au Manyimbo huisha wafiwa wenyewe hawajui nani alilipa nini. Hitima ya mwaka, kisomo cha msahafu mzima kwa ajili ya marehemu mwaka ukitimia, ni jambo jingine. Kufikia hapo majirani wamesharudi kwenye shughuli zao, ndugu mmoja yuko Malindi na mwingine yuko Doha, na asiyealikwa haji. Haji, lakini hasahau kwamba hakualikwa. Kazi yote humwangukia mtu mmoja, aghalabu mjukuu wa kike mwenye daftari, au mkwe asiyeweza kukataa. Haya ni ya huyo.

Hesabu zote hapa ni za watu 100, wanaume na wanawake. Wa kwenu wakiwa 50, gawa kwa mbili kila kitu isipokuwa muda wa kupika, ambao haupungui kama wengi wanavyodhani.

Karatasi ya dua

Watu wakianza kupanga hitima huanza na mchele. Anza na karatasi. Mwisho wa kisomo, imamu au maalimu atainua mikono na kuwataja marehemu kwa majina, na majina hayo huwa yameandikwa dakika tano kabla, nyuma ya risiti, na mtu anayeulizia huku na huku, "Babake bibi aliitwa nani vile?" Hapo ndipo makosa yote huingia. Anayesahauliwa ana watoto na wajukuu waliokaa pale pale jamvini wakisikiliza.

Andika jina la marehemu, la babake na la babu yake. Kisha waliomtangulia: wazazi wake, mume au mke, ndugu zake, watoto wake. Wanaoachwa nje ni wale wale kila mara: watoto waliokufa wachanga, mke wa kwanza aliyeachwa zamani, na ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali. Watafute hao kwa makusudi, kwa sababu hakuna atakayekukumbusha kabla ya siku, na wote watakukumbusha baada yake. Majina 30 husomwa kwa dakika mbili hivi, na hicho ni kiasi cha kutosha. Yakizidi, wataje wakubwa wa kila tumbo kwa majina, wengine waingie katika "na jamaa zao wote". Iwe jina moja kila mstari, herufi kubwa, wino mweusi. Imamu wa watu huenda akawa mzee, na taa ya uani si ya kutegemea.

Majina ya ukoo wa Kiswahili yana mitego yake. Mtoto hupewa jina la babu, kwa hiyo katika vizazi vitano unaweza kuwa na kina Omar bin Ali wanne na kina Ali bin Omar watatu. Hawatenganishiki kwa jina, hutenganishwa kwa mama na kwa mtaa: Omar wa Kibokoni, mamake fulani, Omar wa Majengo, mamake fulani. Wanawake nao wamejificha nyuma ya majina ya watoto wao. Mtu akiitwa Mama Swaleh kwa miaka hamsini, wajukuu hawana habari kama aliitwa Zainabu. Na binamu wakioana, jambo la kawaida kwetu, mtu mmoja atatokea mara mbili kwenye karatasi, kwa upande wa baba na kwa upande wa mama. Usimfute pale pa pili. Chora mstari uunganishe.

Waulize wazee watatu, kila mmoja peke yake. Ukiwakalisha pamoja, mkubwa wao atasema na wengine wataitikia, nawe utaondoka na kumbukumbu ya mtu mmoja ukidhani ni ya watatu. Wakihitilafiana, andika kauli zote mbili na jina la aliyesema. Ukoo wa Mji wa Kale uulize na mbari na taifa: Wakilindini, Wachangamwe na Watangana ndio Thalatha Taifa, waliobaki wamo katika Tisa Taifa, na wote kwa pamoja ni Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Kijana wa leo hajui yuko wapi humo, na mwenye kujua ndiye mnayemsomea hitima.

Miaka usiiulize kwa tarakimu, hutajibiwa. Uliza kwa matukio. Alizaliwa kabla ya vita vya 1939 au baadaye? Alipoolewa, bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa bado inapepea Ngomeni (Fort Jesus), au Uhuru wa Desemba 1963 ulishapita? Mtoto wa tatu alikuwa tumboni alipofariki Mzee Kenyatta hapa hapa Mombasa, Agosti 1978? Nyumba ya Kisauni ilijengwa watu wakivukia daraja la zamani la Nyali, lile la kuelea, au hili la sasa? Mvua za El Nino za mwisho wa 1997 zilimkuta bado ana nguvu? Kwa maswali matano kama hayo utaiweka harusi au kifo ndani ya miaka miwili au mitatu, na hiyo inatosha.

Kuna safu moja ya mwisho ambayo karibu kila shajara ya ukoo huikosa: nani alimnyonyesha nani. Katika madhehebu ya Shafii, mtoto akinyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili huwa ni mtoto wa aliyemnyonyesha, na hawezi kuoa wala kuolewa na watoto wake. Zamani, mama akiugua au akisafiri, shangazi au jirani alimchukua mtoto bila kuandikiana. Bibi ndiye aliyekuwa akijua, na ndiye aliyekuwa akisema "hawa hawaoani" posa ikija. Akishafariki, swali hilo halina wa kuulizwa ila wenzake wachache waliobaki, na hitima ya mwaka ndiyo siku watakapokuwa chini ya paa moja. Waulizeni.

Siku, saa na mialiko

Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo mwaka wa marehemu hutangulia siku kumi na moja hivi kuliko tarehe iliyo kwenye cheti. Amueni mapema mnafuata upi, la sivyo nusu ya ukoo itakuja wiki moja na nusu kabla ya nusu nyingine. Mkitumia Jumapili ya karibu, kila mtu ataelewa.

Saa inayofaa ni baada ya alasiri. Alasiri ya kwetu huwa saa tisa na nusu hivi, na magharibi, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, huchezea kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano mwaka mzima. Mna zaidi ya saa mbili za kusoma, kuomba na kunywa kahawa, kisha mnaswali, kisha chakula. Wa Likoni na Kwale wahesabieni feri, na wa Kisauni wahesabieni foleni ya Nyali. Mkiwaambia saa kumi watafika kumi na nusu, basi waambieni saa tisa na nusu waje waswali nanyi.

Kualika kuna ngazi. Ami mkubwa huambiwa kwanza, kwa mdomo, nyumbani kwake. Kisha wajomba na shangazi. Kisha wakwe, mavyaa na bavyaa, ambao mara nyingi husahaulika kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake amewaambia. Hao wasiambiwe kupitia kundi la WhatsApp. Maneno hayahitaji urefu: "Shikamoo ami. Hitima ya bibi ni Jumapili baada ya alasiri, twakuomba uje utuombee." Akishaitikia marahaba na kukuuliza nani mpishi, amekubali. Vijana wote waliobaki, kundi linatosha.

Katika kila ukoo wako pia wanaoona kisomo cha arobaini na cha mwaka ni bidaa, uzushi katika dini. Msibishane nao uani. Wakaribisheni kwa dua na chakula baada ya magharibi. Watakuja, watakula, na undugu utabaki.

Fedha zitoke mifukoni mwa walio hai. Hili wengi hulikosea kwa nia njema: mali ya marehemu ambayo haijagawanywa si ya kupikia hitima, hasa akiwa ameacha warithi wadogo, kwa sababu haki ya yatima haitumiwi kulisha wageni. Deni lake hutangulia, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha mirathi. Mchango ushikwe na mtu mmoja asiye mrithi, mkwe kwa mfano, na orodha ya nani ametoa nini isibandikwe mbele ya watu. Aliyetoa mia mbili ataona haya kuja, naye pengine ndiye aliyemwosha marehemu.

Juzuu thelathini

Sanduku la juzuu, zile sehemu thelathini za msahafu, likaguliwe siku tatu kabla. Zihesabu moja moja. Inayopotea sana ni ya 30, Amma, kwa sababu watoto wa chuo cha Qurani huiazima. Juzuu moja ina kurasa 20 hivi, na msomaji wa wastani huimaliza kwa dakika 40. Wasomaji 30 humaliza msahafu chini ya saa moja; wakiwa 10, kila mmoja ana juzuu tatu na saa mbili za kusoma, na mtafika magharibi mkihema. Mkijua mtapungukiwa, gawaneni mapema: juzuu 20 zisomwe majumbani katika wiki ile, na 10 zilizobaki zisomwe siku yenyewe. Upande wa wanawake upewe juzuu zake pia. Mara nyingi huachiwa Yasini peke yake, wakati wasomaji wazuri wa nyumba ni wao.

Kinachoharibika hapa ni kimya kimya. Mtu mwenye kisomo cha polepole huona wenzake wanamaliza, naye hufunga juzuu yake nusu njia na kuirudisha. Weka watu watatu hodari wasiopewa juzuu mwanzoni. Kazi yao ni kupita kimya na kuuliza, "Nikusaidie kuanzia wapi?" Msimamizi azipange juzuu zinazorudi kwa nambari sandukuni, na pengo lolote ataliona kabla maalimu hajaanza. Zikitimia, husomwa kwa pamoja sura fupi za mwisho, Fatiha, na mwanzo wa Baqara mpaka "almuflihun", kisha tahlili (la ilaha illallah), kisha dua na ile karatasi.

Ubani uwashwe kisomo kinapoanza, si watu wanapoingia, na chetezo kikae mlangoni upepo unapotoka. Feni ikivuma juu ya chetezo, majivu huishia kwenye kanzu nyeupe. Mrashi wa kunyunyizia marashi huzungushwa wakati wa dua.

Kahawa: vikombe ni vidogo, wastani wa viwili na nusu kwa mtu, kwa hiyo lita 12 au 13. Hiyo ni gramu 600 za kahawa iliyotwangwa isiwe laini sana, na gramu 100 za tangawizi kavu iliyopondwa. Tangawizi ichemke kwanza robo saa, kahawa ifuate kwa dakika kumi, kisha ituame kabla ya kumiminwa kwenye dele, birika la kahawa. Ukiimimina ikiwa bado inachemka, wageni watatafuna mashapo. Halwa kilo 6 zinatosha. Isitiwe friji, samli huganda na halwa ikawa kama kandambili.

Sufuria

Pilau ndiyo ya hitima. Biriani ni tamu, sikatai, lakini ina vyungu viwili vya kuangalia na kupakua kwake ni kwa pole, na hapa watu wote watakula kwa mara moja, giza likiingia.

Kwa watu 100: mchele kilo 15, nyama yenye mifupa kilo 15. Sinia ni la watu wanne, kwa hiyo masinia 25, kila moja na gramu 600 za mchele kabla haujapikwa. Mwambie mwenye bucha akate vipande vya gramu 60. Utapata vipande 250: vinane kila sinia ni 200, na 50 vinabaki kwa wapishi na wanaochelewa. Akikata vikubwa, vitakuwa 150 na utaanza kuhesabu vipande mbele ya wageni. Mkichinja wenyewe, mbuzi mwenye uzito wa kilo 30 akiwa hai hutoa kilo 13 hivi za nyama na mifupa, kwa hiyo mmoja hatoshi. Achinjwe alfajiri.

Msipike kilo 15 katika sufuria moja. Mpishi wa kazi anaweza. Mwingine atapata uji chini na mchele mbichi juu. Sufuria mbili, kila moja na haya: mchele wa pishori au basmati kilo 7 na nusu, nyama kilo 7 na nusu, vitunguu maji kilo 3, thomu (vitunguu saumu) gramu 300, tangawizi mbichi gramu 350, viazi kilo 2 na nusu, mafuta lita 1, jira gramu 120, pilipili manga gramu 30, mdalasini gramu 30, iliki gramu 20, karafuu gramu 10. Karafuu msiiongeze hata mtu akisema ni kidogo. Ikizidi hufanya pilau iwe na uchungu wa dawa ya meno.

Nyama ya ng'ombe ianze kuchemka saa nane mchana na thomu kidogo, tangawizi na chumvi. Mbuzi mchanga anaweza kungoja hadi saa tisa. Nyama iive kabla ya kuingia kwenye pilau, kwa sababu nusu saa ya mvuke haitailainisha. Supu yake ihifadhiwe. Viazi vikaangwe pembeni mpaka viwe na ngozi, la sivyo vitavunjikia ndani na kuufanya mchele ushikane.

Vitunguu vianze saa kumi na nusu. Hapa ndipo pilau inapopatikana au kupotea. Rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu, si kwenye bizari wala rangi ya dukani. Kilo 3 katika lita moja ya mafuta, juu ya kuni, huchukua dakika 30 hadi 40, na nusu ya muda huo huonekana kama hakuna linalotendeka: kitunguu kinatoa maji tu. Mpishi mwenye haraka hukata tamaa hapo na kutia viungo, na pilau yake hutoka nyeupe na tamu kama wali wa mgonjwa. Ngoja. Kikishaanza kugeuka kitageuka ghafla, na tangu hapo usiondoe mwiko. Kikifika rangi ya kahawa, mwagia upawa mmoja wa supu ili kisimame papo hapo, kwa maana mafuta yenye moto yataendelea kukipika hata ukitoa kuni. Kikiungua, kimwage na uanze upya. Hakuna kiungo kinachoficha uchungu huo, na kilo 3 za vitunguu ni nafuu kuliko kilo 7 na nusu za nyama.

Thomu na tangawizi vifuate, dakika tatu, kisha viungo vilivyotwangwa, kisha nyama, viazi, na supu. Supu na maji kwa pamoja yawe lita 10 kwa kila sufuria, yapimwe kwa chombo. Kile kipimo cha kidole, maji yapite mchele kwa pingili moja, kinafaa sufuria ya nyumbani peke yake. Katika sufuria kubwa mchele una kina mara tatu, pingili ni ile ile, na maji hupungua. Chumvi anza na gramu 200 kwa sufuria, ukihesabu na ile iliyo kwenye supu, kisha onja. Supu inayochemka iwe na chumvi iliyozidi kidogo kuliko unayoipenda, kwa kuwa mchele utaimeza. Ikiwa sawa sasa, pilau itakuwa chapwa.

Mchele umeoshwa mara tatu, umelowekwa nusu saa, umechujwa dakika kumi. Ukilowekwa saa nzima na zaidi hukatika. Utie supu ikiwa inachemka kweli kweli, saa kumi na moja na nusu kwa sufuria ya kwanza, na ya pili dakika 20 baadaye, ili mpishi asiwe na mikono miwili mahali pawili. Geuza mara moja kutoka chini, kisha acha. Maji yakifika usawa wa mchele na matundu yakianza kuonekana, vuta kuni zote, sambaza makaa yawe membamba chini, sawazisha juu, funika, na palia makaa juu ya kifuniko. Dakika 25 hadi 30. Katikati, inua mara moja pembeni kwa mwiko mpana bila kukoroga.

Ukifunua ukakuta juu kubichi na chini kumeiva, nyunyiza nusu lita ya supu ya moto juu, tandaza kitambaa safi kilicholowa, palia tena dakika kumi. Maji ya baridi yasitumike, hukatiza uivaji na punje hupasuka. Ukisikia harufu ya kuungua, usikwangue. Hamisha ya juu haraka kwenye sufuria nyingine na uache ukoko ulipo. Moshi hupanda kadiri unavyochokora.

Upepo nao uangaliwe. Kusi ikivuma, mafiga yaliyo wazi huwaka upande mmoja na sufuria huungua upande huo huo. Bati moja la kukinga linatosha. Moshi nao uwe unaelekea nje ya uwanja, si kwenye majamvi ya wanawake, ambako huwa unaelekea kila mara kwa sababu jikoni hupangwa na wanaume.

Nikiwa hapo: sufuria moja iwe ya wanaume na moja ya wanawake, liamuliwe tangu asubuhi. Pakua kutoka zote mbili kwa wakati mmoja. Utaratibu wa "wanaume kwanza, kitakachobaki kiingie ndani" huwapelekea ukoko na mifupa wale waliokata vitunguu kilo 6.

Kachumbari ikatwe mapema lakini isichanganywe. Vitunguu visuguliwe kwa chumvi, vioshwe, vikamuliwe. Nyanya, ndimu na pilipili viingie wakati masinia yanatoka. Ikichanganywa alasiri, kufikia magharibi ni mchuzi wa maji. Ndizi 100, na achari ya ndimu vijiko viwili kila sinia. Birika na bakuli la kunawia, moja kwa kila masinia matano, na vijana wa kuzishika waanze kwa wazee.

Pilau iliyobaki igawiwe usiku ule ule. Ikilala kwenye sufuria katika joto letu, asubuhi imechacha, na watu wataumwa na matumbo kwa jina la marehemu.

Mpishi hatasikia dua. Saa ile maalimu ameinua mikono, yeye anapalia. Mwekeeni kijana mmoja wa kumpelekea habari, aitikie amina yake kule kule kwenye mafiga, na kama ana wazazi waliofariki, majina yao yaingie kwenye karatasi.

Baada ya kunawa

Kati ya chakula na isha kuna nusu saa ambayo wazee wameshiba na hawajaanza kutafuta viatu. Itumieni. Toa picha za zamani, lakini nakala zake, si zenyewe. Vidole vimetoka kwenye halwa na pilau. Nakala hupigwa kwa simu siku za kabla, karibu na dirisha asubuhi, bila mwanga wa simu, picha imelazwa na simu ikiwa sambamba nayo. Picha zilizogandana na plastiki ya albamu kwa unyevu wa hapa zisivutwe. Zipigwe zikiwa ndani. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, kwa sababu kalamu ya wino hutoboa mpaka upande wa uso na wino wake huhamia kwenye picha inayofuata.

Sauti zirekodiwe mbali na feni na mbali na dirisha la barabarani, tuktuk hula maneno yote. Simu ikae juu ya leso iliyokunjwa, si juu ya sinia, na mzee aulizwe swali moja tu kwa wakati: "Huyu aliyesimama kushoto ni nani, na mamake nani?" Usimwambie akusimulie maisha ya bibi. Hilo ni swali la mtihani, atajibu "alikuwa mtu mwema" na kunyamaza. Mpe picha, na atakwambia mwenyewe nani aliolewa Lamu, nani alirudi, na kwa nini.

Leso za marehemu, kama warithi wameridhia, zigawiwe siku hii. Pea isitenganishwe: vipande viwili vyenye jina moja, yaani maneno yale yale yaliyochapwa, viende kwa mtu mmoja, na jina la leso lisomwe kwa sauti anapopewa. Shangazi na halati wachague kwanza.

Wageni wakiondoka, ile karatasi itakuwa imejaa masahihisho: majina yaliyofutwa, mistari iliyoongezwa, baba aliyebadilika akawa babu. Inakiliwe kabla ya kulala, na tarehe yake na majina ya waliosahihisha. Nakala moja iende kwa ami mkubwa, moja kwa shangazi, picha yake iende kwenye kundi. Ile yenyewe, yenye madoa ya samli, itiwe kwenye sanduku la juzuu, juu ya Amma, na sanduku lifungwe. Atakayelifungua mara nyingine atakuwa anahesabu juzuu.